Maneno na Matendo katika Ulengaji wa Shabaha za Mbali

Miongoni mwa michezo ya mashindano iliyo na sheria zake, vyama vyake na viwanja vyake, mchezo wa kulenga shabaha za mbali kwa bunduki ni mmojawapo ambao haujaandikwa sana kwa Kiswahili. Sababu yake si uhaba wa maneno. Bunduki, mtutu, kitako, baruti, fataki, risasi, marisaa, kulenga, kufyatua na shabaha ni maneno yaliyomo katika lugha tangu zamani, na wawindaji na askari wameyatumia bila taabu. Taabu ni kwamba maneno hayo yamezoea kazi ya masafa mafupi, ambamo kulenga, kufyatua na kupata hukaribiana hata huhesabiwa kuwa tendo moja. Kwa umbali wa mita 50, alengaye sawasawa hupata. Kwa umbali wa mita 900, mtu aweza kulenga sawasawa, akafyatua kwa utulivu, na bado risasi yake ikapita mbali na shabaha kwa mita 2 au zaidi. Hapo ndipo maneno yahitajipo kutenganishwa. Kwa kuwa mwanafunzi asiyeweza kulitaja kosa lake kwa jina, hawezi kulisahihisha.

Makala haya yaeleza jinsi mchezo huu unavyoanzwa na mtu asiyeujua, na papo hapo yayapima maneno ya Kiswahili yafaayo kuufundishia. Itaonekana kwamba mahali pengine lugha ina utajiri usiotumiwa, na mahali pengine tafsiri ya neno kwa neno yaweza kumpoteza mlengaji kabisa.

Asili ya mchezo

Mchezo wenyewe ulikua pamoja na bunduki ya mtutu wenye mifereji. Ndani ya mtutu wa gumegume la kawaida hamna kitu ila uwazi laini, na risasi hutoka ikiyumba. Mtutu wenye mifereji iliyopindwa huizungusha risasi, nayo hudumu katika mwelekeo wake kama vile pia inavyosimama wima maadamu inazunguka. Ni jambo la kuangaliwa kwamba Kiswahili hutumia neno bunduki kwa aina zote mbili, hali lugha nyingine huzitenga. Hakuna hasara katika hilo, mradi mwalimu aseme waziwazi kwamba habari zake ni za mtutu wenye mifereji.

Katika Uingereza, chama cha taifa cha ulengaji kiliundwa mwaka 1859, na mkutano wake wa kwanza wa mashindano ulifanyika Wimbledon mwezi wa Julai 1860. Malkia Victoria ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza, kwa bunduki ya Whitworth iliyofungwa imara juu ya mtambo. Tangu mwaka 1890 mashindano hayo hufanyika Bisley, katika Surrey, ambako uwanja wa Stickledown hufikia yadi 1,200, yaani karibu mita 1,100.

Katika Marekani, jina lililobaki katika kumbukumbu ni Creedmoor, uwanja uliokuwa katika Long Island karibu na mji wa New York. Mwezi wa Septemba 1874, walengaji sita wa Ireland walishindana huko na sita wa Marekani kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walipata alama 934, na Waireland 931. Katika mashindano hayo Mwireland mmoja, J. K. Milner, alipiga risasi iliyoingia katikati barabara ya shabaha, lakini shabaha hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani. Risasi ya katikati ilikuwa na thamani ya alama 4, naye akapewa sifuri. Tofauti ya pande mbili ilikuwa alama 3 tu. Jina la Creedmoor lingali likitumika: risasi ya milimita 6.5 iliyotolewa Marekani mwaka 2007, na ambayo sasa hupendwa na walengaji wengi wa masafa marefu, iliitwa kwa jina hilo.

Siku hizi anayeanza ana njia kadhaa mbele yake. Ya kwanza ni ile ya kale, ambayo mlengaji hulala kifudifudi na kuitegemeza bunduki kwa mikono na mkanda wa ngozi. Ya pili huitwa F-Class, kwa kumbukumbu ya Mkanada George Farquharson, aliyetaka walengaji waliopungukiwa na nguvu za macho na viungo wasiuache mchezo. Katika njia hiyo bunduki huegemezwa juu ya miguu miwili au kitegemeo, na darubini huruhusiwa. Ya tatu ni mashindano ya kuhamahama, yaliyopata utaratibu mkubwa katika Marekani tangu mwaka 2012, ambayo mlengaji hupewa muda mfupi kulenga vibao vya chuma vya umbali mbalimbali huku akiegemea vizuizi vya kila namna. Kwa mwanafunzi, ile ya pili ndiyo nyepesi kuielewa, maana huondoa mashaka ya mwili na kuacha mambo mawili tu mbele yake: bunduki na upepo. Mifano ya makala haya yahusu njia hiyo.

Shabaha, ulinganifu na usahihi

Neno shabaha lina kazi nyingi. Kwanza ni kile kitu kinacholengwa. Pili ni ustadi wa alengaye, kama isemwapo kwamba fulani ana shabaha. Tatu ni kusudi au nia. Tena katika matumizi ya zamani neno hili lilikuwa na maana ya mfano au kufanana, maana ambayo ingali hai katika shabihi na tashbihi. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana haudhuru. Katika mafunzo wadhuru, kwa kuwa mwalimu asemaye "shabaha yako mbaya" hajamwambia mwanafunzi lolote la kumfaa.

Mlengaji apigapo risasi kumi juu ya karatasi moja, mashimo hufanya kundi. Kundi hilo lina sifa mbili ambazo hazitegemeani. Sifa ya kwanza ni ukaribu wa mashimo yenyewe kwa yenyewe. Hii yaweza kuitwa ulinganifu, maana kila risasi imefanana na mwenziwe. Sifa ya pili ni ukaribu wa kundi zima na kitovu cha shabaha. Hii ndiyo usahihi. Kundi laweza kuwa dogo kama kiganja cha mtoto na likawa limekaa mbali na kitovu: hapo ulinganifu upo, usahihi haupo. Laweza pia kuzunguka kitovu pande zote huku limetawanyika: hapo wastani wake ni sahihi, lakini hakuna risasi moja iwezayo kuaminiwa.

Dawa za magonjwa haya mawili ni mbalimbali. Ukosefu wa usahihi huponywa kwa kuzungusha vifundo vya darubini. Ukosefu wa ulinganifu hauponywi hivyo hata kidogo. Chanzo chake ni mtutu, au risasi zisizo sawa, au mkono, bega na pumzi ya mlengaji. Mwanafunzi asiyetenganisha mambo haya hugeuza darubini baada ya kila risasi. Risasi ikienda kulia, yeye hupeleka kushoto. Ya pili ikienda kushoto, hurudisha kulia. Na mwisho mtawanyiko wake huwa mkubwa kuliko kama asingaligusa kitu. Tena hudanganywa na idadi ndogo. Risasi tatu zaweza kukusanyika kwa bahati. Ni makundi ya risasi kumi au ishirini yanayoonyesha hali halisi ya bunduki na mtu wake.

Risasi ya Milner katika Creedmoor yadhihirisha sifa ya tatu, nayo ndiyo ya kwanza kwa umuhimu. Risasi hiyo haikuwa na kasoro ya mkono wala ya darubini. Kilichopotea ni shabaha yenyewe, kwa maana ya kitu kinachopaswa kulengwa. Kwa hiyo yafaa neno shabaha liwekewe maana hiyo moja katika mafunzo, na kazi nyingine ziachiwe ulengaji, ulinganifu na usahihi.

Ugumu wa namna hiyohiyo umo katika kitenzi piga. "Amepiga shabaha" yaweza kumaanisha kwamba ameielekezea risasi, au kwamba risasi imeifikia. Lugha inayo tayari vitenzi vya kuondoa shaka: mlengaji hulenga, hufyatua, na risasi yake hupata au hukosa. Neno risasi nalo, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni jina la madini ya risasi, hutajwa kwa kitu kizima kiingiacho katika bunduki na pia kwa kile kipande kirukacho. Palipo haja ya kutenganisha, risasi ibaki jina la kile kirukacho, na kinachobaki nyuma kiitwe ganda, kama watu wasemavyo.

Namna ya kuanza

Kosa la kawaida la mgeni ni kuanza kwa kununua. Njia bora ni kuanza kwa chama. Katika Uingereza sheria yenyewe yaelekeza huko: chama kilichoidhinishwa na serikali humweka mwanachama mpya katika muda wa majaribio usiopungua miezi mitatu, akifundishwa usalama na kutumia bunduki za chama, kabla ya kukubaliwa kuwa mwanachama kamili. Katika Kenya na Tanzania vilevile bunduki haimilikiwi ila kwa kibali.

Jambo la kwanza kufundishwa ni usalama, na kanuni zake ni chache. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejazwa. Mdomo wake usielekezwe mahali ambapo mtu hakukusudia kupiga. Kidole kisigusie kifyatulio mpaka kulenga kumekamilika. Na mlengaji ajue kilichoko nyuma ya shabaha. Pasipolengwa, chemba huachwa wazi na kutiwa kibendera, ili kila mpitaji aone kwamba hamna kitu ndani.

Baada ya hayo huja mkao wa mwili. Mlengaji wa F-Class hulala nyuma ya bunduki, kitako kikiwa begani na mfuko wa mchanga chini yake. Bunduki yapasa kuelekea shabaha yenyewe bila kusukumwa. Njia ya kujaribu ni kulenga, kufumba macho, kupumua mara mbili, na kufumbua tena. Kama alama imehama, ni mwili unaopaswa kusogezwa, si mikono kuikaza bunduki. Kwani misuli iliyokazwa hulegea wakati wa kufyatua, na risasi huifuata. Kifyatulio huvutwa polepole, pumzi ikiwa imetulia.

Chombo cha mwisho, ambacho wageni hukidharau, ni daftari. Humo huandikwa umbali, joto, upepo, kipimo cha darubini na mahali risasi ilipoangukia. Katika Bisley, walengaji wawili au watatu hushiriki shabaha moja kwa zamu na kuandikiana alama, kisha kila mmoja huruhusiwa risasi mbili za kujaribia kabla ya hesabu kuanza. Aliye na daftari nzuri huzitumia risasi hizo kuthibitisha. Asiye nayo huzitumia kutafuta.

Kushuka kwa risasi na vipimo vyake

Tangu itokapo mtutuni, risasi huanza kuanguka. Mfano mmoja watosha. Risasi ya milimita 7.62 yenye uzito wa gramu 11 hivi, ikitoka kwa mwendo wa karibu mita 790 kwa sekunde, huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000. Ikiwa darubini imesawazishwa kwa mita 100, risasi hiyo hufika karibu mita 10 chini ya mahali ilipolengwa. Kwa hiyo darubini huinuliwa kwa kipimo cha pembe. Na risasi mbili zikitofautiana kwa mwendo wa mita 10 tu kwa sekunde, huachana kwa robo ya mita na zaidi huko mbali; ndiyo sababu walengaji hupima baruti yao kwa mizani ya makini.

Vipimo vya pembe ni viwili. Miliradiani moja ni sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, na mita nzima kwa mita 1,000. Dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii, sawa na sentimita 2.9 hivi kwa mita 100. Kwa Kiswahili miliradiani ina faida iliyo wazi, kwa sababu dakika ni neno la wakati. Katika mchezo ambao mlengaji hufanya kazi kwa muda uliowekwa, amri ya "ongeza dakika tatu" yaweza kueleweka vibaya. Anayetumia kipimo hiki hana budi kusema "dakika za pembe" kwa ukamilifu.

Upepo

Kushuka kwa risasi huhesabika mapema. Upepo hauhesabiki hivyo. Upepo wa maili 10 kwa saa, yaani mita 4.5 kwa sekunde, ukivuma ubavuni, huisukuma risasi ya mfano wetu kwa karibu mita 2 na nusu katika yadi 1,000. Duara la alama ya juu katika F-Class kwa umbali huo lina upana wa sentimita 25 tu. Basi anayekosea upepo kwa maili moja tu kwa saa ametoka nje ya duara, hata kama bunduki yake haina ila. Yeye huusoma upepo kwa bendera, kwa majani, na kwa mazigazi yaonekanayo katika darubini. Yakichemka wima, upepo umetulia au watokea mbele au nyuma, na yakilala upande, upepo wavuma kuelekea upande huo.

Hapa ndipo tafsiri huleta hatari. Walengaji wa Kiingereza huutaja upepo kwa mfano wa uso wa saa: mlengaji yuko katikati, shabaha iko kwenye 12, na upepo wa saa 3 watoka kulia. Mwalimu akifasiri neno kwa neno, atasema "upepo wa saa tatu". Lakini kwa hesabu ya Kiswahili, saa tatu ni wakati ambao mkono mfupi wa saa umesimama kwenye tarakimu 9, upande wa kushoto. Vivyo hivyo saa sita ya Kiingereza ni upepo wa nyuma, na saa sita ya Kiswahili mkono umeelekea juu, upande wa shabaha. Kila mwelekeo umegeuzwa kinyume chake. Msikilizaji aliyefuata saa yake mwenyewe atasahihisha upande usiofaa, na badala ya kukosa kwa mita 2 na nusu atakosa kwa mita 5.

Dawa yake imo katika lugha ya mabaharia wa pwani. Wao hawakuhitaji saa kuueleza upepo. Walitumia chombo chenyewe. Pepo za omo ni zile zikijiazo chombo kwa mbele. Upepo wa matanga kati ni ule upigao ubavuni. Tezi ni nyuma. Mlengaji akifikiriwa kuwa chombo, omo yake ikielekea shabaha, istilahi zote zapatikana mara moja, na huongezwa tu "kulia" au "kushoto". Maneno haya yana faida nyingine ya maana: huonyesha kazi ya upepo pamoja na mwelekeo wake. Upepo wa matanga kati huhesabiwa mzima. Upepo wa omo au wa tezi hausukumi risasi pembeni. Ule ukatao katikati ya omo na ubavu huhesabiwa sehemu 7 katika 10 za nguvu zake, na ule wenye pembe ya digrii 30 kutoka omo huhesabiwa nusu.

Amri za uwanjani

Mahali ambapo neno lahitaji uangalifu kuliko pote ni amri. Walengaji wameziba masikio kwa ajili ya mshindo, na uwanja ni wa upepo. Amri haisikiwi nzima, husikiwa vipande. "Acha kupiga" ni Kiswahili safi, lakini asikiaye mwisho wake tu amesikia "piga", kinyume cha kilichoamriwa. "Sita" yaamuru kukoma, lakini pia ni namba, na uwanja wenye shabaha kumi una shabaha ya sita. "Simama" yamwambia aliyelala ainuke, tendo lisilotakiwa kabla bunduki haijafunguliwa. "Anza" na "acha" zina irabu zilezile kwa mpango uleule, na kwa mbali sikio hushika irabu kuliko konsonanti.

Jozi ifaayo ni "anzeni" kwa kuanza na "koma" kwa kusimamisha. Hazifanani kwa irabu wala kwa idadi ya silabi, na hakuna kipande cha moja kilichomo katika nyingine. Yaweza kusemwa kwamba "koma" ni neno kali, lisilomfaa kijana kumwambia mtu mzima. Hoja hiyo ina uzito katika mazungumzo, lakini uwanjani msimamizi husema kwa cheo chake, kama nahodha chomboni, na waliokuja kulenga wameikubali amri hiyo kabla ya kulala chini. Tena yapasa itamkwe na yeyote aonaye hatari, awe mdogo au mkubwa, na wote waitii bila kuuliza.

Kwa jumla, mchezo huu haudai Kiswahili kibuni maneno mengi mapya. Wadai kwamba maneno yaliyopo yagawiwe kazi, kila neno na lake: shabaha kwa kinacholengwa, ulinganifu kwa kundi, usahihi kwa kitovu, omo na matanga kati kwa upepo, na koma kwa kuokoa maisha. Mgawo huo ukifanywa mapema na waalimu wakakubaliana juu yake, mwanafunzi atajifunza kwa lugha yake bila kupungukiwa kitu. Usipofanywa, atajifunza kwa maneno ya kigeni yaliyofasiriwa nusunusu, na makosa ya fasiri hizo ataonyeshwa na karatasi ya shabaha, au na jambo zito kuliko karatasi.